Sura ya Saba: Matundu Tuliyoyatoboa Wenyewe

Mji wa Arusha uko mbali na bahari, juu ya mwinuko wa mita 1,400 hivi, chini ya mlima Meru ambao kilele chake kinapita mita 4,500, na mgeni aliyezoea harufu ya sifa na lami katika bandari za pwani asingetazamia kukuta huku mtu anayejishughulisha na elimu ya vyombo. Walakini yeyote ashikaye barabara ya Moshi hata Tengeru, kisha akaingia katika msitu wa Duluti, atakuta ziwa lililotulia ndani ya kreta ya volkano, na juu yake mitumbwi ikienda kwa makasia. Na akizunguka mlima hata Hifadhi ya Taifa ya Arusha, atakuta maziwa ya Momella, ambako wageni huingia kwa mitumbwi katika Momella Ndogo. Tena mito iteremkayo Meru upande wa kusini, Themi na Usa na wenzao, huungana na Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji hushika njia ya mto Pangani hata yakafika Bahari ya Hindi. Basi maji ya mlima huu na maji ya pwani ni maji mamoja, na maarifa ya kuyazuia yasiingie chomboni hayakukusudiwa watu wa pwani peke yao.

Chombo ninachotaka kukizungumzia katika sura hii ni boti ya jeti, kwa kuwa ndicho chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mito ya namna yetu: mito ya kina kifupi, yenye mawe, ambayo rafadha ya kawaida huvunjika ndani yake kabla ya safari kufika mbali. Aliyeifanikisha boti hiyo hakuwa mwana wa bahari, bali mfugaji wa kondoo wa Nyuzilandi aitwaye William Hamilton, ambaye shamba lake la Irishman Creek lilikuwa bara, katikati ya milima, na ambaye katika miaka ya 1950 aliipeleka mtoni boti isiyo na kitu chochote kilichoning'inia chini yake. Maji hunyonywa kwa mdomo ulio sawasawa na sakafu ya boti, husukumwa na impela inayozunguka ndani ya bomba, kisha hufyatuliwa kwa nguvu nje ya ukuta wa tezi, na mfyatuko huo ndio uisukumao boti mbele. Hamilton alitambua kwamba maji yakitokea juu kidogo ya uso wa mto badala ya chini yake boti huenda kwa kasi zaidi, na mwaka 1960 boti zake ziliupanda mto Colorado wa Marekani kupitia bonde lake kuu, dhidi ya mkondo, jambo ambalo watu walikuwa wamelidhani muhali.

Chombo cha mbao na chombo cha bati

Ili msomaji apate kuelewa ugonjwa wa boti hii, yafaa kwanza ajue ugonjwa wa jahazi. Jahazi limeundwa kwa mbao nyingi, na kila ubao unapokutana na mwenziwe pana ufa. Kwa sababu hiyo fundi wa kalafati huisokota pamba, akaichovya katika mafuta, akaipigilia ndani ya ufa kwa patasi na nyundo, kisha akaupaka mwili wa chombo sifa, ambayo ni mafuta ya papa, na sehemu ya chini deheni, iliyochanganywa kwa chokaa na shahamu. Mtepe wa Lamu, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasipo msumari hata mmoja, ulivuja zaidi ya jahazi, na mabaharia wake walihesabu kazi ya kufua maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kuwa sehemu ya kazi za kila siku. Katika vyombo hivyo maji huingia polepole na kila mahali, na kila aliyemo anajua kwamba yanaingia.

Boti ya jeti haina maradhi hayo. Mwili wake ni aluminiamu iliyochomelewa au ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, na ukiwa mzima haupitishi hata tone. Kwa sababu hiyo mwenyewe huingiwa na amani, akadhani kwamba hatari iliyobaki ni mwamba tu. Na hapo ndipo akosapo. Katika mwili huo usiopitisha tone, fundi wa kiwandani ametoboa matundu kwa makusudi: la mdomo wa jeti, la shafti, la bomba litokalo nyuma, la fito za usukani, la ekzosi, na la kizibo cha kutolea maji ya ngama. Kila tundu limefungwa kwa mpira, kwa sili, kwa gasketi au kwa gundi, na vitu hivyo vyote huzeeka hali chuma kinachovizunguka kingali kipya. Boti ya jeti aghalabu haizamishwi na mwamba. Huzamishwa na tundu halali ambalo mwenyewe amelisahau.

Kadiri ya hatari

Watu wengi hudharau tundu dogo kwa kuwa hawajapata kulipigia hesabu. Tundu lenye kipenyo cha milimita 25, ambacho ndicho takriban kipimo cha kizibo cha ngama katika boti ndogo, likiwa sentimita 30 chini ya uso wa maji, hupitisha lita 40 hivi kila dakika, yaani ndoo mbili kubwa. Kwa dakika kumi ni lita 400. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, ni sawasawa na kupakia watu wazima sita ambao hakuna aliyewaona wakipanda. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, maji huongezeka mara nne. Na kadiri boti inavyozidi kudidimia ndivyo tundu linavyokwenda chini zaidi, na maji yakazidi kuingia kwa nguvu.

Wala uzito si shari pekee. Maji yaliyomo ngamani hayakai mahali pamoja kama mzigo uliofungwa. Boti ikiinama upande wa kulia yote hukimbilia kulia, na huko huongeza kuinama kule kule kulikoyaita, hata chombo kikapinduka kabla hakijajaa. Kinachokibeba chombo ni hewa iliyofungiwa ndani yake, na ukweli huu nchi yetu iliusoma kwa machozi tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza: meli iliendelea kuelea juu chini kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani, na ilipotobolewa kwa nia njema ya kuwaokoa waliokwama, hewa ilitoka na meli ikazama. Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Nami nasema kwamba chombo hicho kilikuwa nao, illa wakati wa kuutumia ulikuwa kabla ya safari.

Maji yaliingia lini?

Mtu akikuta maji ngamani, swali la kwanza limjialo ni wapi yalipoingilia, akaanza kupapasa kila kona. Swali hilo lina haki yake, lakini latangulia wakati wake, kwa sababu maji yakishaingia huteremka kwa kufuata mataruma na pembe za sakafu hata pahali palipo chini kuliko pote, na hapo yanapoonekana sipo yalipoingilia. Swali la kwanza na liwe la wakati: yaliingia boti ikiwa imesimama, au ikienda, au ilipokuwa haijaguswa kabisa, imefungwa gatini usiku kucha? Mwenye kulijibu swali hili kwa yakini amekwisha kuondoa zaidi ya nusu ya matundu katika orodha ya washukiwa.

Sababu yake ni hii. Ndani ya jeti mna pande mbili zenye tabia zilizo kinyume. Upande ulio mbele ya impela, tokea mdomo wa chini, ni upande wa kunyonya. Upande ulio nyuma yake ni upande wa kusukuma. Gasketi ya mdomo ikilegea, au kifuniko cha kutolea majani na takataka kikikosa kukaa sawa, au sili ya shafti ikichakaa, basi boti ikienda tundu hilo huvuta hewa badala ya kutoa maji, na ikisimama, ikiwa tundu liko chini ya mstari wa maji, ziwa huingia humo humo bila kelele. Nahodha wa boti ya namna hiyo husikia injini ikipiga kwa kasi kubwa ilhali boti haiongezi mwendo, kwa kuwa impela inazungusha maji yaliyochanganyika na hewa. Akatia shaka injini, akaipeleka kwa fundi wa injini, na fundi asione dosari. Asubuhi ya pili hukuta ngama imejaa. Mambo hayo mawili, ambayo yeye huyadhani kuwa maradhi mawili, ni tundu moja.

Kinyume chake, boti iliyolala kavu na ikarudi safarini ina maji, yapaswa ichunguzwe upande wa kusukuma. Katika boti nyingi za jeti maji ya kupozea injini huchukuliwa katika jeti yenyewe, ambamo yana nguvu, yakapitishwa kwa hosi hata kwenye injini, kisha yakatolewa nje pamoja na moshi. Hosi hiyo ikipasuka, injini ndiyo ipigayo maji ndani ya chombo, na kadiri nahodha aongezavyo mwendo ili awahi ufukoni ndivyo amwagavyo ziwa miguuni pa abiria wake. Ipo alama ya kuyatambua maji hayo: tia mkono ngamani, yakiwa vuguvugu yamekwisha kupita katika injini, nawe utafute kwenye hosi za kutokea na ekzosi, yakiwa baridi hayajapita, nawe utafute kwenye hosi ya kuingilia au kwenye mwili wa chombo.

Ama boti iliyopata maji hali imefungwa na sili zake zote ni nzima, mtuhumiwa ni mbingu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Boti yenye uwazi wa mita 8 za mraba, ikinyeshewa milimita 50 katika usiku mmoja wa Masika, hupata lita 400, sawasawa na tundu la kizibo kwa dakika kumi. Mtu akaaye chini ya Meru, ambako mawingu ya Machi hata Mei huja kwa wingi kutoka mashariki, hana udhuru wa kuacha chombo chake bila turubai lililokazwa na lenye mteremko.

Tone chini ya shafti

Napenda msomaji apige magoti nami tezini, aondoe kifuniko, amulike tochi mahali shafti inapoingia katika jeti. Pale pana nyumba ya beringi, na katika jeti nyingi, baina ya sili inayozuia maji na sili inayozuia mafuta, pameachwa nafasi ndogo yenye tundu lililoelekea chini. Tundu hilo halikuachwa kwa bahati mbaya wala si la kuzibwa, bali liliwekwa ili litoe habari. Pangusa chini yake kwa kitambaa kikavu, weka kipande cha karatasi, kisha mwache mwenzio azungushe injini kwa dakika chache hali boti imefungwa majini. Karatasi ikilowa maji safi, sili ya maji imeanza kuchoka, nawe una muda wa kuagiza nyingine. Ikitoka na mafuta yaliyogeuka meupe, maji yamekwisha kuifikia beringi, na safari isubiri. Mwenye kuliziba tundu hilo kwa gundi ili asione tone, amemfunga kinywa shahidi wa pekee aliyekuwa upande wake.

Mafundi wa pampu wanaowahudumia wakulima wa mboga wa Tengeru na Usa River wanaijua kazi hii vizuri kuliko wanavyojidhania, kwa sababu pampu ya kumwagilia ina shafti ile ile, impela ile ile, na sili ya namna ile ile. Na fundi atambuaye kwa tone moja kwamba pampu ya nyanya haitamaliza msimu, anayo tayari nusu ya elimu ya fundi wa boti. Tofauti iliyopo ni kwamba pampu ikivuja hupunguza maji ya shamba, na boti ikivuja huhatarisha roho za watu. Iwapo shafti inafungwa kwa pakingi ya kamba badala ya sili, fundi na ajue kwamba pakingi hutakiwa kutoa matone machache shafti inapozunguka, kwa kuwa matone hayo ndiyo yanayoipoza. Ikikazwa mno hata ikakauka, hupata moto na kuila shafti, na mvujo unaokuja baada ya hapo hautibiki kwa kukaza.

Kinga

Kinga ya kwanza ni kujua idadi ya matundu. Mwenye boti na achukue daftari, achore chombo chake, aandike kila tundu lililo chini ya mstari wa maji na karibu yake, kile kilifungacho, na tarehe kilipobadilishwa mara ya mwisho. Pasipo daftari, mtu hukumbuka sehemu zinazoonekana, ilhali zinazozamisha ni zile zisizoonekana.

Kinga ya pili ni kukipima chombo nchi kavu. Boti ikiwa juu ya trela na imeegemezwa vizuri, kausha ngama, mwaga maji kiasi cha upana wa kiganja, si zaidi, kwa sababu uzito wake hauna maji ya kuubeba kwa nje, kisha lala chini na utazame: tone litakalotokea nje ndilo njia ya maji kuingilia. Ndani nako, nyunyiza unga wa chaki juu ya sakafu iliyokauka, teremsha boti majini, na utaona mstari wa maji ulikoanzia.

Kinga ya tatu ni vifaa vinavyostahili. Gasketi iliyofunguliwa isirudishwe; bolti zikazwe kwa zamu na kwa kupishana ili mpira ulale sawa; hosi zilizo chini ya mstari wa maji zifungwe kwa vibano viwili visivyoshika kutu; na silikoni ya madirishani isipakwe chini ya chombo, kwa maana mahali pale pahitaji gundi ya poliyurethani iliyotengenezwa kwa vyombo vya majini, juu ya uso uliosafishwa na kukauka. Valvu ya maji ya kupozea injini ijulikane ilipo, ifungike kwa mkono mmoja, na kila mhudumu aweze kuifikia gizani.

Kinga ya nne yahusu mahali petu hasa. Meru ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na mchanga wa mito yake umechanganyika na majivu na vipande vya mawe makali ya mlima. Jeti ikiwashwa katika maji ya kifundo cha mguu hunyonya mchanga huo, ukaikwangua impela na nyuso za sili. Basi injini isiwashwe kabla boti haijafika maji ya kiunoni. Kadhalika maziwa ya Momella ni ya magadi, na magadi ni adui wa aluminiamu. Chombo cha aluminiamu kikiingia katika maji ya namna hiyo sharti kioshwe kwa maji baridi siku ile ile, na bolti zake zikaguliwe, kwani metali mbili tofauti zikikutana katika maji ya chumvi au magadi moja huliwa kwa ajili ya nyingine.

Mwisho ni pampu ya ngama. Iwepo, iwe na swichi inayojiwasha yenyewe, lakini asiitegemee mtu kama tiba. Kiwango kilichoandikwa juu yake hupimwa pasipo kuyapandisha maji. Yakipandishwa kwa hosi hupungua, na betri ikiisha hukoma. Pampu inayojiwasha mara kwa mara haikuokoi, bali inakuficha ugonjwa. Na ndoo, ambayo haihitaji betri, isikosekane kamwe, wala jaketi okozi kwa kila aliyemo.

Serikali imeweka TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018, kusimamia usalama wa vyombo katika bahari na maziwa yetu, na ukaguzi wake ni wa lazima na wa heri. Lakini mkaguzi huja siku moja, na kizibo hufunguliwa kila siku. Hati ya mkaguzi haimwondolei mwenye chombo dhamana aliyoipokea siku alipompa abiria mkono ili apande. Kwa hiyo namsihi kila mwenye chombo, kiwe cha jeti katika mto mkubwa au mtumbwi wa makasia huko Duluti, asimwite abiria hata mmoja kabla hajapita kwa mkono wake mwenyewe juu ya kila tundu lililoandikwa katika daftari lake, akianza na kizibo.